Siku 24 za Kujiandaa kwa Usaili wa Mchambuzi wa Biashara: Shajara ya Mradi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo saa nne asubuhi nimepokea barua ya kuitwa kwenye usaili wa nafasi ya mchambuzi wa biashara katika taasisi moja ya fedha hapa Dar es Salaam. Usaili utafanyika Alhamisi ya tarehe 27, kwa hiyo nina siku 24. Kwa miaka sita nimekuwa afisa mikopo katika SACCOS ya wafanyakazi, kazi iliyonifundisha kusoma hati za mishahara, kupiga hesabu za marejesho na kuwasikiliza wanachama wanaoona haya kusema kwamba wamekwama, lakini sijawahi kushika cheo cha uchambuzi. Nimeamua kuyaendesha maandalizi haya kama mradi kamili wenye lengo, muda, mipaka na kipimo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoiomba, na nisipoweza kuifanya kwa shida yangu mwenyewe sioni ni kwa nini mtu anikabidhi shida za taasisi nzima.

Kipimo nilichojiwekea ni hiki: kwa kila jukumu lililotajwa kwenye tangazo, niweze kueleza kwa dakika tatu tukio moja la kweli, nikitaja nani alihusika, mimi nilifanya nini na nini kilibadilika baada ya hapo. Muda wangu ni kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku baada ya kazi, pamoja na Jumamosi alasiri. Mipaka nayo nimeiandika mapema ili nisitangetange: sitasomea cheti chochote mwezi huu, wala sitajifunza programu ambayo tangazo halikuitaja.

Jumanne, 4 Februari

Nimelinakili tangazo lote kwenye kaunta buku, jukumu moja kwa kila mstari, kisha nikachora safu mbili pembeni, ya kwanza ya tukio langu na ya pili ya ushahidi wake. Majukumu ni 13. Kwa saba nina tukio ninaloweza kulieleza bila kusita, kwa matatu tukio langu ni dhaifu, na kwa matatu sina kitu kabisa: kuchora mtiririko wa kazi kwa alama za BPMN, kutoa taarifa kwenye hifadhidata kwa lugha ya SQL, na kuandika vigezo vya kukubali kazi iliyokamilika. Hayo matatu ya mwisho ndiyo yatakayokula usiku wangu mwingi.

Nilipokuwa nikijaza safu nimetambua kwamba kazi nyingi ambazo tangazo linaziita uchambuzi nimekuwa nikizifanya bila kuzipa jina. Mwaka juzi nilikaa na mhasibu na katibu tukaifanya fomu ya mkopo wa dharura iwe ya ukurasa mmoja badala ya minne. Mhasibu alitaka kila taarifa, wanachama hawakutaka kujaza hata mstari, na mimi nilikuwa katikati nikiuliza kwa kila kisanduku ni nani hasa anayekisoma baadaye. Visanduku vingi havikuwa na msomaji. Hilo lilikuwa zoezi la kukusanya mahitaji kwa wadau wanaovutana, na nitalieleza hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Usiku huu nimesoma kuhusu IIBA, chama cha kimataifa cha wachambuzi wa biashara kilichoanzishwa Kanada mwaka 2003, na mwongozo wake wa BABOK ambao toleo la tatu lilitoka mwaka 2015. Toleo hilo limeigawa taaluma katika maeneo 6 ya maarifa yenye shughuli 30, na limeorodhesha mbinu 50. Cheti chake cha CBAP kinamdai mwombaji saa 7,500 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka 10, na hilo linanithibitishia kwamba mpaka niliouweka Jumatatu ulikuwa sahihi.

Nilianza kuzikariri zile mbinu 50, na baada ya saa moja nikaacha, kwa sababu mtu anayejua majina 50 na hajatumia hata moja hugundulika kwenye swali la pili. Nimechagua nane ambazo kazi yangu inazigusa: mahojiano, uchunguzi wa mtu akiwa kazini, upitiaji wa nyaraka, mchoro wa mchakato, uchambuzi wa chanzo cha tatizo, hadithi za watumiaji, kanuni za biashara na upangaji wa vipaumbele.

Kilichonifaa zaidi ni dhana 6 ambazo mwongozo unazifanya kuwa msingi wa taaluma yote, yaani badiliko, hitaji, suluhisho, mdau, thamani na muktadha. Nimezipitisha moja moja kwenye mfano wa fomu yetu. Tano zimepata jibu, thamani imekosa. Tulipunguza kurasa tatu, lakini hatukupima hata siku moja kama mwanachama alipata fedha mapema zaidi kuliko zamani. Nimeandika swali hilo kwa wino mwekundu, maana nina hakika kwamba mtu yeyote makini kwenye jopo ataliuliza.

Jumamosi, 8 Februari

Rafiki yangu, ambaye amekuwa mchambuzi katika benki kwa miaka minne, amenipigia simu na kuniuliza swali moja tu kabla hata ya kuulizia watoto: "Dada, mtumiaji akikwambia anataka kitufe kipya kwenye programu, utaandika nini?" Nikamjibu kwamba nitaandika kitufe. Akasema, "Hapo umeandika ombi lake. Haja yake hujaijua bado."

Nimelitafakari hili mchana kutwa, na nimeona kwamba Kiswahili kinatupa maneno mazuri ya kulitenganisha jambo hili. Ombi ni kile mtu anachokitamka. Haja ni kile kilichomtoa nyumbani. Sharti ni kile ambacho kisipokuwepo kazi haikubaliki. Sisi wa dirisha la mikopo tunaijua tofauti hii kwa mazoea. Mwanachama huja akiomba milioni moja, na ukimpa kiti na dakika kumi anakueleza kwamba anadaiwa ada ya laki nne na shule inafunguliwa Jumatatu, nawe unaelewa kwamba kinachomkosesha usingizi ni siku kuliko kiasi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni M-Pesa, na nimeamua kuujua vizuri kwa sababu taasisi inayonisaili inakopesha kwa njia ya simu. Majaribio ya kwanza yaliyofanyika Kenya mwaka 2005, katika Nairobi na Thika, yalikusudiwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa shughuli zao wenyewe: wakatumiana fedha, na wengine wakaweka fedha zao mle ili zisiibiwe njiani. Upande wa taasisi ya mikopo, kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya vikundi vya wakopaji kukawa kazi ngumu. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliyatazama matumizi hayo badala ya kuyazuia, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa ni ya kutuma fedha, kisha mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Kinachonigusa hapa ni kwamba andiko la mwanzo la mahitaji halikuwa na kosa la kiufundi. Liliandikwa kwa ajili ya marejesho, na watu wakaonyesha kwa mikono yao kwamba walikuwa na haja nyingine kubwa zaidi.

Jumatano, 12 Februari

Nimekuwa kwenye mchoro kwa siku tatu mfululizo. Alama za BPMN husimamiwa na shirika la viwango la OMG, toleo la 2.0 likatoka mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Zile za lazima ni chache: duara jembamba ni mwanzo, duara nene ni mwisho, mstatili wenye pembe za mviringo ni kazi, almasi ni njia panda, na kila mhusika ana njia yake kama wakimbiaji uwanjani. Nimechagua kuchora safari ya ombi la mkopo katika SACCOS yetu, tangu mwanachama anapochukua fomu hadi fedha zinapoingia kwenye akaunti yake, na meneja ameniruhusu kupitia majalada ya zamani kwa sharti kwamba jina wala namba ya mwanachama yeyote isitoke ofisini.

Mchoro wa kwanza niliumaliza Jumatatu usiku, na ulikuwa msafi sana. Jana nikampelekea mzee mmoja wa kamati ya mikopo, mtu aliyekaa kwenye kamati hiyo tangu sijaajiriwa. Baada ya shikamoo na marahaba aliutazama kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hivi ndivyo sera inavyosema. Sasa nichoree tunavyofanya." Akanionyesha kwamba katibu wetu, kabla ya kupokea fomu yoyote, huwapigia simu wadhamini wawili kuwauliza kama kweli wamekubali, kwa sababu miaka ya nyuma sahihi za kughushi zilituingiza hasara. Simu hizo hazimo kwenye sera, hazimo kwenye fomu, na hazikuwemo kwenye mchoro wangu, ingawa meza yangu iko hatua tano tu kutoka kwenye meza ya katibu na nimezisikia kila siku.

Nimechora upya. Safari hii nimekaa na majalada 40 ya mwaka jana nikaandika tarehe ya kila hatua, na picha iliyotoka ni tofauti na malalamiko tunayoyasikia. Wanachama huilaumu kamati kwamba inachelewesha, na sisi tumekuwa tukijadili kuifanya ikutane mara mbili kwa mwezi. Tarehe zinaonyesha kwamba fomu nyingi zilikaa muda mrefu zaidi kabla ya kufika kwenye kamati, zikisubiri wadhamini wapatikane kwa simu na mwajiri athibitishe mshahara, na hatua hizi mbili zilikuwa zikifuatana ilhali hakuna sababu yoyote ya kuzizuia zisiende sambamba. Kwenye BPMN jambo hilo huonyeshwa kwa almasi yenye alama ya kujumlisha, inayogawa njia moja kuwa mbili zinazokwenda kwa pamoja. Nilipoiweka alama hiyo mahali pake nilitulia nikaitazama, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nikiona shida yetu badala ya kuisikia tu.

Jumamosi, 15 Februari

SQL. Nimetunga wanachama 30 wa kubuni, mikopo yao na wadhamini wao, na kuwaingiza kwenye hifadhidata ndogo katika kompyuta yangu. Taarifa za wanachama wa kweli zilikusanywa kwa ajili ya huduma ya mikopo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hainipi nafasi ya kuzigeuza kuwa za mazoezi yangu ya usiku.

Kuchagua, kuchuja na kupanga nimevielewa upesi. Kuunganisha majedwali ndiko kulikonifunza. Kosa la kwanza lilikuwa kuunganisha jedwali la wanachama na la mikopo kwa namna inayoacha nje kila mwanachama asiye na mkopo, hata nikaamini kwamba wote wana mikopo. Amri ya LEFT JOIN, inayowabakiza wote wa jedwali la kwanza, ikawarudisha. Kosa la pili lilinitisha zaidi. Nilitaka jumla ya mikopo, na kwa kuwa nilikuwa tayari nimeunganisha jedwali la wadhamini, jumla ilitoka mara mbili kamili ya ile niliyokuwa nimeipiga kwa kikokotoo. Kila mkopo una wadhamini wawili, kwa hiyo kila mkopo ulikuwa umejitokeza kwenye mistari miwili na kuhesabiwa mara mbili. Programu haikulalamika hata kidogo. Kama nisingekuwa na hesabu ya mkono pembeni, ningeipeleka jumla hiyo kwa meneja kwa moyo mweupe.

Jumanne, 18 Februari

Usaili wa majaribio umefanyika leo sebuleni kwa rafiki yangu. Alikaa yeye na mkewe, ambaye ni ofisa rasilimali watu, na hawakunionea huruma.

Dosari ya kwanza aliiona wifi yangu huyo. Katika majibu yote nilikuwa nikisema "tulifanya", "tulipendekeza", "tulirekebisha". Tumelelewa hivyo, kwamba mtu akijitaja sana anaonekana mwenye majivuno, na hata kazi aliyoifanya peke yake huisemea kwa wingi. Akanieleza kwa upole kwamba jopo linamwajiri mtu mmoja na linahitaji kujua mkono wangu ulikuwa wapi. Tumekubaliana kwamba nitawataja wenzangu kwa kazi zao, kisha niseme "mimi nilifanya hivi" bila kuongeza wala kupunguza. Nimegundua kwamba usemi wa namna hii ni wa haki zaidi hata kwa wenzangu, kwa kuwa katibu na mhasibu wanapata sifa zao waziwazi badala ya kumezwa na ile "tu".

Dosari ya pili ilikuwa kwenye swali la kisa. Rafiki yangu aliniambia: wateja wanalalamika kwamba wakinunua umeme wa LUKU kwa simu fedha zinakatwa na tokeni haziji, utafanya nini? Kabla hajafunga mdomo nilikuwa nimeshapendekeza programu mpya yenye ukurasa wa malalamiko. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza: ni wateja wangapi? Tangu lini? Tokeni haikutengenezwa, au ilitengenezwa na ujumbe ukachelewa? Ni mtandao mmoja wa simu au yote? Mteja hufanya nini anapoona kimya, analipa tena? Sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu sikuuliza hata moja. Mimi ambaye kwenye dirisha la mikopo humpa mtu kiti na dakika kumi kabla ya kugusa fomu, niliposikia neno "mfumo" nilisahau kabisa kuuliza.

Tumekirudia kisa hicho hadi saa tano usiku na kukimalizia kwa hadithi ya mtumiaji: kama mteja niliyenunua umeme, nataka kuipata tena tokeni ya malipo yangu ya mwisho, ili nisilipe mara ya pili nikidhani malipo ya kwanza yamepotea. Kigezo cha kuikubali tukakiandika hivi: iwapo malipo yamepokelewa na ujumbe haujamfikia mteja, akiulizia kwa namba ya mita yake mfumo umpe tokeni ileile ya tarakimu 20, wala usimkate fedha nyingine. Sehemu ya mwisho, "wala usimkate", ndiyo aliyoisisitiza, kwa kuwa wengi huandika kile mfumo unachopaswa kufanya na kusahau kile usichopaswa kufanya.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeandaa jibu la swali la kushindwa. Nilikuwa na kisa chepesi ambacho kingenipendezesha, na nimekiacha. Nitaeleza kile cha kweli.

Miaka mitatu iliyopita tuliwekewa programu mpya ya mikopo, na mimi nilikuwa mwakilishi wa watumiaji katika kuijaribu. Nilijaribu mkopo wa kawaida na wa dharura, vyote vikapita, nikatia sahihi. Sikujaribu mkopo wa nyongeza, ule unaolipa deni la zamani na kufungua jipya. Mwezi wa kwanza wanachama 11 wakakatwa marejesho ya mikopo miwili kwa pamoja, kwa sababu programu ilifungua deni jipya bila kulifunga la zamani. Aliyeitengeneza programu alisema, na alikuwa sahihi, kwamba hakuna mahali tulipoandika kuwa deni la zamani lifungwe. Kwetu jambo hilo lilikuwa dhahiri mno hata hakuna aliyefikiri kuliandika. Niliwapigia simu wote 11 mimi mwenyewe, na mmoja wao alikuwa amekosa nauli ya kumpeleka mama yake hospitali wiki ile. Fedha zao zilirejeshwa, lakini simu ile bado naikumbuka kwa uchungu. Tangu siku hiyo nina orodha ya aina zote za miamala, na siweki sahihi mpaka kila moja imepitishwa, ikiwa na matokeo yaliyotarajiwa yaliyoandikwa kabla ya jaribio.

Jumapili, 23 Februari

Usaili wa majaribio wa pili. Kisa kilikuwa kingine, nami nikauliza maswali sita kabla ya kupendekeza lolote. Majibu mawili bado yanazidi dakika tatu. Nusu ya usaili huenda ikawa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimefanya mazoezi ya kueleza mchoro wangu kwa lugha zote mbili, na nimeona kwamba pale ninapokwama kwa Kiswahili ndipo hasa sijalielewa jambo lenyewe.

Jumatano, 26 Februari

Vyeti, nakala tatu za mchoro usio na jina la mtu, kaunta buku. Nimepanda mwendokasi saa ile ile nitakayosafiri kesho ili kupima muda.

Alhamisi, 27 Februari

Jopo lilikuwa na watu wanne, na usaili ulichukua dakika 55. Kati ya maswali tisa niliyoyanakili mara tu nilipotoka, sita yalikuwa kwenye kaunta buku kwa sura moja au nyingine. Kuhusu fomu ya dharura waliuliza swali lile la wino mwekundu, kwamba punguzo la kurasa lilimsaidiaje mwanachama. Nikajibu kwamba wakati ule sikupima, nikaeleza nilivyokuja kupima kwa tarehe za majalada 40, na nikawapa mchoro. Hapo mazungumzo yakabadilika. Mwenyekiti aliusogeza mchoro ule katikati ya meza, na kwa dakika kama kumi tukawa tunauliza na kujibu juu ya wadhamini na waajiri, nami nikasahau kwamba nasailiwa.

Kwenye SQL nilieleza kisa cha jumla iliyozidi mara mbili, nao wakaniuliza ningekigundua vipi kama majedwali yangekuwa na mamilioni ya mistari. Nilijibu kwamba ningehesabu mikopo kabla na baada ya kuunganisha na kulinganisha idadi. Swali ambalo sikulijibu vizuri lilihusu kupanga vipaumbele pale wakuu wawili wa idara wanapodai kila mmoja kwamba lake ni la lazima. Nilitaja mbinu ya kugawa mahitaji katika ya lazima, yanayofaa, yanayoweza kusubiri na yasiyofanywa sasa, lakini wakuu hao wawili walikuwa tayari wamekataa mgawanyo huo, na hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Nilipaswa kurudi kwenye thamani na gharama ya kuchelewa kwa kila moja, na kumtaja mwenye mamlaka ya kuamua. Nimeliandika jibu hilo usiku huu likiwa bado linaniuma.

Majibu yatatolewa ndani ya wiki mbili.

Ijumaa, 28 Februari

Asubuhi nimerudisha majalada kabatini mbele ya katibu na kumwonyesha meneja mchoro, kama nilivyomwahidi. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Ameomba nakala safi kwa ajili ya kikao cha kamati ya mikopo cha Jumamosi ijayo, na amemwomba katibu aje aeleze mwenyewe zile simu za wadhamini. Nimeanza kuuchora upya usiku huu, nikianzia na simu ya katibu, ambayo sasa ina mstatili wake.